Kocha wa Australia Aliyeishi Märsta

Kama ulitaka kujua timu ya raga ya Australia imeshinda au imefungwa, hukuhitaji gazeti. Ulihitaji tu kufika mazoezi ya kwaya yetu pale Märsta, mji mdogo wa Uswidi karibu na Stockholm, Jumamosi saa nane mchana, ukasikiliza wimbo wa kwanza. Wakishinda, tulianza na zile za ngoma na vigelegele, hata kama ni juma la kufunga na kuomba na watu wamekuja na nyuso za toba. Wakifungwa, tuliimba za mazishi. Kuna msimu walifungwa mfululizo mpaka kwaya ikawa hodari wa maombolezo, na Wakongomani wa Uppsala wakaanza kutualika kwenye misiba yao. "Ninyi munajua kulia," walitusifu. Hawakujua kwamba tulikuwa tunamlilia mchezaji wa jezi namba kumi, mzima wa afya, huko Sydney.

Aliyetufikisha hapo ni mwalimu wa kwaya. Jina alikuwa nalo, lakini sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa Mkenya wa Nakuru, kipande cha mtu, shingo imezama mabegani, mikono ya kubeba mizigo, na kweli ndiyo iliyokuwa kazi yake: kupakia mizigo kwenye ndege pale Arlanda. Kwaya ilikuwa ya ushirika wetu wa Kiswahili, uliopewa nafasi ya kutumia ukumbi wa kanisa la Waswidi. Wengi walikuwa Wakongomani wa Uvira na Bukavu waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kuletwa kwenye theluji. Walikuwapo Warundi, Waganda, na mimi Mtanzania wa Morogoro, mwimbaji wa sauti ya pili. Katika umati wote huo aliyeipenda raga ni mmoja. Sisi wengine tulijifunza kwa lazima, kama tulivyojifunza Kiswidi, na kwa kweli raga tuliielewa haraka zaidi.

Huko Australia wakicheza jioni, Stockholm ni asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi za mechi Mwalimu alipanda treni kwenda mjini, kwenye baa moja ya Waingereza karibu na stesheni kuu, ambako televisheni ilionyesha raga kuanzia watu wanapokunywa chai. Mtu wa kanisa hanywi pombe, naye aliagiza kahawa, akakaa nayo dakika zote za mchezo katikati ya Waingereza wenye bilauri za bia, akiwafundisha. Tuliambiwa hayo na Mganda mmoja, bwana Okello, aliyemsindikiza mara moja na kuapa hatarudi. Mwalimu alikuwa akisimama mbele ya skrini, anawaeleza Waingereza kwa sauti ya mahubiri kwa nini kocha wa Australia hafai, na Waingereza wanamwitikia kwa furaha kabisa, maana ni nani asiyependa kusikia adui yake akitukanwa na shabiki wake mwenyewe?

Maana hilo ndilo lililokuwa la ajabu. Mwalimu aliipenda Australia kwa kuichukia. Sikumbuki hata siku moja alipokubaliana na kikosi. Kikitangazwa, alikipokea kama mtu anayesomewa hukumu.

"Dada Tabitha," aliniambia siku moja wakati wa fika, ile saa ya kahawa na vitumbua ambayo tuliiheshimu kuliko sala ya kufungua, "hebu niambie wewe. Ukiwa na gari bovu la breki, unanunua redio mpya?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa hawa wamenunua redio. Mbele hakuna mtu wa kusukuma, wao wameongeza kijana mwingine wa kukimbia. Akimbie na nini? Mpira atautoa wapi?"

Hapo alikuwa anasema habari za skramu, pale wanaume wa pande mbili wanapoinama, wakashikana mabega na kusukumana kugombea mpira. Australia ya miaka ile, kwa maelezo yake, haikuwa na skramu; ilikuwa na watu waliokutana kwa bahati wakiwa wameinama. Alitueleza jambo hilo kwa vitendo, akiwapanga mabesi watatu wa Bukavu waliovaa suti, mpaka mmoja akachanika suruali na mkewe akaja kuuliza hii ni kwaya ya namna gani.

Wachezaji hakuwaita kwa majina yao. Mmoja aliyekuwa na nywele zisizovurugika hata akilaliwa na watu kumi alimwita Bwana Harusi. "Bwana Harusi leo amepiga mpira mateke mazuri sana," alisema, "yote kuelekea kwa adui." Mwingine, kijana mwenye kipaji na mambo mengi, alimwita Mtoto wa Mjini, na huyo alimkata kila wiki na kumrudisha kila wiki, kutegemea ameamkaje. Lakini aliyemkosesha usingizi ni mchezaji mmoja wa siku nyingi, aliyeshinda vikombe enzi zake, ambaye sasa magoti yalikuwa yamekwisha na bado jina lake halikosekani kwenye kikosi. Huyo alimwita Mstaafu.

"Anamchagua kwa kumbukumbu!" alilalamika kuhusu kocha. "Anatazama uwanjani, anaona mtu wa miaka minane iliyopita. Mtu huyo hayupo. Aliyepo ni mzee anayetafuta mahali pa kukaa. Kama unampenda mtu, mwite nyumbani umpikie. Usimpe jezi."

Tulilisikia hilo la jezi mara nyingi mno. Watoto wetu, ambao ukiwaambia kitu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi, hilo walilijua kwa Kiswahili fasaha. Ukimnyima mtoto kitu anakwambia, "Mama, kama unanipenda nipikie, usinipe jezi," halafu wanacheka, wanarudi kwenye Kiswidi chao.

Utabiri wake ulikuwa wa kuaminika sana, kwa maana kwamba ulikwenda kinyume kila mara. Kabla ya Kombe la Dunia la 2003, lililochezwa huko huko kwao, alisema hawatafika popote. Wakafika fainali. Basi akaokoka upya, akatangaza mbele ya ushirika, baada ya matangazo ya ubatizo, kwamba kombe ni lao. Wakafungwa na Waingereza dakika za mwisho kabisa. Miaka minne baadaye, Ufaransa, akasema safari hii Waingereza ni wazee, hawana kitu. Wazee wale wakawasukuma Waaustralia kwenye skramu kama watu wanaosogeza kabati. Juma lililofuata Mwalimu hakuja mazoezini. Alituma ujumbe kwamba ana mafua.

Nilimuuliza mara moja kwa nini Australia, wakati Wakenya wenzake wote ninaowajua hushangilia wale wa New Zealand wenye nguo nyeusi. Alinijibu bila mizaha, jambo ambalo lilinishtua. Shuleni kwake Nakuru palikuwa na mwalimu wa michezo kutoka Australia. Mwalimu wetu, akiwa kijana mnene asiyejua kukimbia, alikuwa akikaa kando na kulinda nguo za wenzake. Yule Mwaustralia alimtazama siku moja akamwambia aache nguo, aingie mstari wa mbele asukume. "Nilisukuma," alisema. "Kwa mara ya kwanza nikaona unene wangu una kazi." Kisha akaona nimeanza kumwonea huruma, akaongeza kwamba timu ilifungwa mechi zote mwaka ule.

Ubaya wa mtu kama huyu ni kwamba huwezi kumdharau mpaka mwisho. Mama Furaha, sauti yetu ya kwanza, alipofiwa na kaka yake huko Bukavu, habari zilifika Jumamosi asubuhi ya mechi kubwa. Mwalimu alikuwa tayari ameshakaa kwenye kiti chake mbele ya skrini. Aliacha kahawa yake, akapanda treni kurudi, akawa mtu wa kwanza kufika kwa mfiwa. Alikaa naye mchana kutwa, akaosha vyombo vya watu wote, akatuongoza kwa mkono katika nyimbo ambazo, kama nilivyosema, kwaya yetu ilizijua vizuri. Jioni tu, bwana Okello alipoingia kutoa pole, nilimwona Mwalimu akimvuta pembeni, na nikasikia akinong'ona, "Vipi, walimtoa Mstaafu?"

Hawakumtoa.

Sasa nije kwa Papa Zakaria. Alikuwa besi wetu mkongwe, mzee wa Uvira aliyekuwa akiimba tangu kabla ya vita. Yeye na Mwalimu ndio walioanzisha kwaya, wawili tu na kinanda kidogo, sisi wengine tukawakuta. Papa Zakaria alikuwa na sauti iliyoanzia sakafuni. Waswidi waliokuwa wakisafisha ukumbi walikuwa wakiacha kazi zao kumsikiliza. Lakini masikio yake yalianza kufa, na mtu asiposikia wenzake anaimba peke yake. Kwanza alianza kushuka kidogo chini ya wimbo, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Halafu akawa anaendelea sisi tukiwa tumenyamaza. Na kadiri alivyopungua kusikia ndivyo alivyoongeza sauti, ili ajisikie mwenyewe.

Wakati huo tukapata mwaliko. Kanisa moja kubwa la mjini Stockholm liliandaa tamasha la kwaya za watu wa mataifa, na mwanamke wa Kiswidi aliyelisimamia akaja kutusikiliza. Alisikiliza kwa heshima, akatusifu, akanywa kahawa, akasema labda, kama inawezekana, sisi wenyewe tuangalie kidogo upande wa besi. Mswidi akisema labda uangalie kidogo, ujue nyumba inaungua.

Hakuna aliyekuwa na shaka nini kifanyike. Alikuwapo Elia, kijana wa chuo aliyezaliwa hapa hapa, anayesoma noti za muziki kama unavyosoma gazeti, besi safi. Mzee angeweza kukaa mbele, kiti cha heshima, na kufungua kwa sala. Wanakwaya wakanituma mimi niseme na Mwalimu, kwa sababu eti mimi ni Mtanzania na ninajua kusema mambo polepole.

Nilimkuta akifunga waya za kinanda. Nilizungukazunguka, nikamuuliza habari za Arlanda, mwisho nikasema.

"Mwalimu, tamasha hili ni kubwa. Papa Zakaria hasikii tena. Si vizuri tumpumzishe?"

Aliendelea na waya. "Nani mwingine ana sauti ya chini kama ile?"

"Alikuwa nayo. Sasa hana. Si wewe uliyesema tusimchague mtu kwa kumbukumbu?"

"Ile ni raga."

"Na hii?"

"Hii ni kwaya," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kueleza. "Katika raga mtu mmoja akikosea mnafungwa. Katika kwaya nani anahesabu mabao?"

Nilimwambia yule mama wa Kiswidi anahesabu. Akasema yule mama anywe kahawa yake. Miaka yote ile alikuwa amewatoa nusu ya wachezaji wa Australia bila huruma, akiwa Märsta, kwa koti la baridi na kofia ya sufu. Kumtoa mzee mmoja aliye mbele yake alishindwa.

Tamasha likafika. Kanisa lilijaa. Tuliimba wimbo ambao mwisho wake unapungua, unapungua, kisha unakatika, na ukimya wenyewe ni sehemu ya wimbo. Tulifika mwisho tukakata sote, vizuri, Elia kama saa. Papa Zakaria hakukata. Aliendelea peke yake na ubeti ambao hatukuwa nao, kwa nguvu, macho amefumba, anatabasamu. Mwalimu alimpungia mkono anyamaze. Macho yamefumbwa, mkono utauonaje? Mama Furaha ndiye aliyemshika bega. Alifumbua macho, akatazama watu wote wale waliokuwa wakitazama chini, akaelewa. Sijawahi kuona mtu mzima akipungua vile. Watu walipiga makofi, ya Kiswidi, ya adabu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kwenye treni ya kurudi Papa Zakaria alikaa upande wa dirisha. Tulipopita stesheni ya Upplands Väsby alimgeukia Mwalimu akamuuliza, si kwa hasira, "Juu ya nini hukuniambia?"

Mwalimu alivua kofia yake ya sufu, akaikunja mapajani.

"Ungeniambia mapema, ningekaa kando," alisema mzee. "Sasa wamenisikia."

Hakurudi tena kwaya. Na wazee wa ushirika, ambao wakati wa kuamua walikuwa kimya, sasa wakapata sauti. Walimwita Mwalimu wakamshukuru kwa utumishi wake wa miaka mingi, na kwetu ukishaanza kushukuriwa ujue umeshaondolewa. Kwaya akapewa Elia. Mwalimu aliukabidhi ufunguo wa kabati la kinanda, akasema kikosi kipya ni kizuri ila sauti ya tatu ni nyepesi, akaondoka. Ukimya uliobaki Jumamosi zile ulitushangaza. Australia walishinda au walifungwa, hatukujua. Elia alianza na wimbo ule ule kila wiki, wa kupasha sauti moto, alioupata kwenye kitabu.

Ikapita miaka. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kuwaosha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula. Mwaka 2012 nilibadilishiwa eneo, na Jumamosi moja asubuhi nikabonyeza kengele kwenye nyumba moja ya Märsta nikijua nani yuko ndani. Papa Zakaria alikuwa amekwisha miguu, anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Aliyenifungulia mlango alikuwa Mwalimu, mwenye aproni, mwiko mkononi.

"Karibu, dada Tabitha. Vua viatu. Nusu ya kwanza inaisha."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, picha inakwamakwama. Jikoni kulinukia samaki. Papa Zakaria alinishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za nyumbani kwa sauti ya juu, kisha akarudisha macho kwenye mpira. Niligundua polepole kwamba jambo hili halikuwa la siku moja. Mzee alikuwa na upande wake kabisa. Alikuwa anaishangilia New Zealand.

"Wale wa nyeusi wanacheza muzuri," alinieleza. "Wa huyu wako wazuri pia, lakini wako na woga mbele." Skramu, kwa neno lake, ilikuwa mbele. Mwalimu alikohoa jikoni.

Nilimaliza kazi yangu, nikabaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa na ujumbe. Elia aliposikia napelekwa eneo lile alikuwa amenipa neno nimfikishie Mwalimu, nami nilikuwa nalizungushazungusha kama kawaida yangu.

"Mwalimu, Elia anauliza kama utarudi kwaya. Si kufundisha. Kuimba. Besi wamebaki wachache."

Alizima jiko. "Ananiita kwa sauti yangu au kwa huruma?"

Nilifikiri kudanganya. Papa Zakaria alikuwa akinitazama midomo.

"Kwa huruma," nilisema.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa kikosi na kwa mara ya kwanza hakuona kosa. "Basi nitakuja. Angesema ni kwa sauti, ningekataa. Kocha asiyesikia hafai."

Alikuja Jumamosi iliyofuata, akisukuma kiti cha Papa Zakaria, akamweka karibu na dirisha, akamfungua koti. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mabesi wote, pembeni. Elia akatupa sauti, tukaanza.

Ndipo tukamsikia. Miaka yote alikuwa ametufundisha kwa kinanda, akibonyeza kila sauti kwa kidole, na hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza kwa nini. Mwalimu hakujua kuimba kabisa. Sauti yake ilikuwa kavu, ilipanda mahali pa kushuka na kushuka mahali pa kupanda. Mama Furaha alinitazama, midomo ameikaza. Elia aliusimamisha wimbo, akatutazama mmoja mmoja mpaka safu ya nyuma, alipokuwa Mwalimu.

"Besi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "vizuri. Tunarudia kutoka mwanzo."